Sukari, Bukari

Feza alinituma sukari, nikarudi na unga,
kilo mbili, nimeukumbatia kama mtoto.
Akaniangalia. Akaiangalia chai.
"Nilisema sukari, Kisimba. Bukari tulikula jana."
Mimi nilipata mkia tu wa neno: ukari, ukari,
kichwa chake kilikatwa njiani.

Miaka thelathini na nane nimefua shaba
katika kibanda cha bati, kule Katuba,
wanaume sita, nyundo sita,
na redio iliyopiga kelele ili izishinde nyundo.
Nimefua korongo, nimefua akina mama wanaotwanga,
nimefua ramani ya nchi hii mpaka naijua kwa kidole,
na kila jioni masikio yalijaa pamba
ambayo hakuna aliyeitia.
Tulicheka. Kesho itatoka, tulisema.
Ilitoka kweli,
ila kila siku iliondoka na kitu.

Kisha akaja nyenje.
Alianza mwezi wa sita, baridi ikiwa kali,
wakati nyenje wote wenye akili wamenyamaza.
Nilisogeza kabati. Nilibomoa plasta kwa patasi,
tochi mdomoni, saa nane usiku,
Feza amekaa kitandani, blanketi mabegani,
akisema neno.
Nadhani alisema, "Hakuna kitu."
Au alisema, "Njoo ulale."

Daktari Numbi alinifungia katika kasha kama friji,
akanipa kitufe: ukisikia, bonyeza.
Nilibonyeza. Halafu nikangoja.
Kupitia kioo niliona kidole chake kinafanya kazi
na changu hakina kazi.
Mstari ulitoka kwenye karatasi, sawa, sawa,
kisha ukaporomoka kama ubavu wa ule mlima mweusi
wa mavi ya shaba, unaouona ukiwa popote mjini.

Akaleta sikio la plastiki, linafunguka kama kufuli.
Hapa kiwambo, ngozi ya ngoma,
nyembamba kama karatasi ya sigara.
Nyuma yake mifupa mitatu: nyundo,
fuawe,
kikuku.
Nilimwomba arudie. Nikaisoma midomo yake.
Nyundo. Fuawe.
Kumbe nina karakana kichwani tangu tumboni mwa mama,
fundi asiyelipwa, asiyelala,
kikuku chake hakifiki punje ya mchele,
naye alifua kila nilichofua,
pigo kwa pigo,
wala sikumpa hata mapumziko ya saa sita.

"Huyo mzima," alisema. "Tatizo liko mbele zaidi."
Ndani ya konokono, ndani ya maji,
vimesimama vinyweleo kwa safu.
Vya sauti nyembamba vinakaa karibu na mlango,
vya sauti nene kule kwenye kizingo cha mwisho,
na kila kinachoingia, malori, nyundo, sala,
lazima kivipite vya mlangoni.
Ndivyo vilivyokanyagwa kwanza.
Nikauliza, vitaota tena? Ndevu huota.
Alitikisa kichwa.
Hilo nililisikia vizuri.

Na nyenje?
Ni ubongo, alisema. Umeona pengo, unaimba wenyewe.

Basi s imehama, f imehama.
Bado nina u, nina o, nina m,
nina mvua kwenye bati, nina malori ya madini alfajiri,
na kikohozi cha jirani, ambacho ningekitoa bure.
Wanasema sikio la kufa halisikii dawa.
Langu dawa lililisikia, tena jina lake lote.
Kilicholiziba ni bei.

Siku hizi nafua kwa nyundo ya mti.
Kijana wangu wa kazi, Mwepu, nimemtia pamba kwa nguvu.
Ananichukia kidogo. Na achukie.

Jana Feza aliniita kutoka uani.
Jina langu hunifikia lina tundu katikati:
Ki… imba.
Nilisimama mlangoni, kiganja nyuma ya sikio,
midomo yake ikaenda, ikarudi,
mikono yake imejaa povu la sabuni.
Nikaitikia ndiyo.
Nikaenda dukani, nikaleta vyote viwili.